Chaki ya Mama

Mama aliingia ukumbini na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni, na hapo hapo nikajua vita vimeanza. Mama hatoki dukani na tepu shingoni hata siku moja. Huivua, huikunja, huiweka juu ya cherehani, ndipo hujitanda mtandio wake na kutoka kama malkia. Siku hiyo alikuwa ametoka mbio. Nyuma yake alikuja mjomba, anahema, maana mjomba huitwa kwenye kila ugomvi wa familia yetu kama mtu anavyobeba mwavuli: huenda asihitajike, lakini afadhali awepo.

Nilikuwa nimekaa mahali pangu, mwisho wa benchi, jua la alasiri linanichoma mgongo. Sikuinuka. Asubuhi, tukinywa chai, nilikuwa nimemwambia mama kwamba kuna mwanamume anataka kuja kuniposa. Aliuliza anafanya kazi gani. Nikasema anachora ukutani. Aliuliza ukuta wa nani. Nikasema wa watu, na leo jioni ataufuta. Mama alicheka sana, akapangusa machozi, kisha akaona kwamba mimi sicheki.

Sasa alikuwa amekuja kujionea. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta.

Ukuta ule ulikuwa mrefu, umepakwa rangi nyeusi kutoka sakafuni mpaka juu. Wenye jengo walimwazima mchoraji kwa muda, kabla mafundi wao hawajaja kuubomoa. Mkabala na ukuta kulikuwa na madirisha makubwa, na katikati benchi moja la mbao. Yeyote aliyekaa kwenye benchi lile mchana, kivuli chake kiliangukia ukutani, na mchoraji alikifuata ukingoni kwa chaki nyeupe. Jua likisogea, kivuli kinasogea, naye anachora tena, mstari mpya kando ya ule wa kwanza. Aliyekaa kidogo alikuwa na mstari mmoja, mwembamba. Aliyekaa sana alikuwa na mistari mingi iliyobanana kama pindo lililoshonwa, likafumuliwa, likashonwa tena. Palikuwa na mzee aliyesinzia. Palikuwa na mtoto wa shule ambaye miguu yake ilikuwa kila mahali. Na mwisho kabisa, upande wa mlango, palikuwa na mwanamke ambaye mistari yake ilikuwa mingi hadi amekuwa weupe mtupu.

Mama alimsogelea mwanamke huyo wa ukutani. Akainua kidole, akalifuata bega bila kuligusa.

"Bega hili," alisema, "nimelikatia nguo tangu likiwa saizi ya yai. La kushoto limeshuka. Kila gauni lako naweka pamba hapa ndani, watu wasijue. Na wewe umekuja kulibandika ukutani, ulimwengu mzima ulione."

"Shikamoo, mama," alisema mchoraji.

Alikuwa amesimama karibu na ndoo yake ya maji, chaki mkononi, unga wa chaki mpaka kwenye nyusi. Mama alimpita kwa macho kama anavyopita nguzo ya umeme. Hakuitika. Na nyinyi mnajua, hakuna kofi linalouma kama shikamoo isiyoitikiwa.

"Marahaba," alisema mjomba, kwa huruma.

"Hakukuamkia wewe," mama alimkata.

"Salamu ilikuwa inapotea bure, dada."

Mama alinigeukia. "Inuka twende."

"Siinuki, mama."

"Nimesema inuka."

"Nimesikia. Na mimi nimesema siinuki. Leo ndiyo siku ya mwisho, na nimemwahidi nitakaa mpaka jua lishuke."

Sijawahi kumjibu mama hivyo mbele ya watu. Hata mimi niliisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Mama alinitazama, akautazama mlango, akalitazama benchi. Kisha alikusanya gauni lake, akakaa. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mimi.

"Basi na mimi siinuki. Nitakaa hapa mpaka utoke na mimi. Tuone nani atachoka."

Mchoraji aliinama, akachukua kipande kipya cha chaki, akausogelea ukuta.

"Wewe unafanya nini?" mama aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha.

"Anayekaa anachorwa, mama. Ndiyo kanuni ya benchi hili."

"Usinichore."

"Basi usikae, mama."

Alisema kwa adabu zote, macho chini. Mama alikaza mgongo.

"Nakaa."

"Basi nachora."

Nikaziba mdomo nisicheke. Nilikuwa nimeishi na ukaidi wa mama maisha yangu yote, sikujua kama kuna mwingine uliokuwa unanitafuta. Mjomba alipoona hakuna dalili ya kuondoka, naye akajishusha upande wa pili wa mama, akavuta shati.

"Mimi nipunguzie tumbo kidogo, kijana."

"Nachora kivuli tu, mjomba. Tumbo ulalamike kwa jua."

* * *

Watu walimwita mchoraji. Mimi nilimpa jina la Taratibu, kwa sababu sijawahi kumwona akiharakisha kitu, hata kunywa maji. Yeye aliniita Sindano, na ukiniuliza kwa nini, kamwulize mama, ndiye aliyenizaa na ulimi huu.

Alikuja dukani kwetu siku moja mama akiwa ametoka. Alitaka chaki. Nikamwambia hapa si shuleni. Akasema ya shuleni inamwagika unga, anataka ile bapa ya mafundi nguo, yenye ukingo mwembamba. Nikatoa kipande kwenye kopo la mama, nikampa, nikamwambia asirudi. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa nikampelekea mwenyewe, nikiwa napeleka gauni la mteja upande ule, nikakaa benchini kupumzisha miguu. Basi. Wengine hupendwa kwa maua. Mimi nilipendwa kwa kukaa.

Mwanamume akikutazama usoni, unajua anatafuta nini. Huyu alinipa mgongo. Alikuwa anatazama ukingo wa kivuli changu, polepole, kuanzia sikio, kushuka shingo, kulizunguka bega hili lililoshuka ambalo mama amelificha miaka yote. Na siku moja, bila kugeuka, akasema, "Leo umekaa kama mtu aliyegombana na mtu." Ni kweli, nilikuwa nimegombana na mteja. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona, hata mama niliyekaa naye cherehani kwa cherehani tangu asubuhi. Nikahisi joto linanipanda mpaka kwenye masikio, nikashukuru kwamba kivuli hakionyeshi rangi ya uso.

Siku hiyo ndipo nilipojua nimekwisha.

* * *

"Kopo langu la chaki limekuwa linapungua," alisema mama. Alisema akiutazama ukuta, kana kwamba anazungumza na kivuli changu. "Nikasema ni panya. Nikanunua mtego. Panya gani anakula chaki?"

"Mimi ndiye panya, mama."

"Nakuona. Na jibini lenyewe nimeliona." Alimtupia jicho Taratibu. "Shati la mabega ya kuazima."

Chaki ilikwaruza. Taratibu alikuwa anamzungusha mama kichwani, kwenye fundo la mtandio.

"Nieleze kitu kimoja," mama aliendelea. "Mtu anatoka kwao, anakuja kwenye mji wa watu, anachora siku zote hizi, halafu anachukua ndoo anafuta. Hiyo ni kazi au ni ugonjwa?"

"Ni kazi. Analipwa."

"Hata mgonjwa hulipiwa. Sijauliza malipo. Nimeuliza, mtu ambaye hajui kuacha kitu kikabaki, atabakije na wewe?"

Hilo nilikuwa nimelitegemea. Nilikuwa nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelitafutia jibu nikipiga pasi.

"Na wewe je, mama? Si unachora mistari ya kufutwa? Maisha yako yote. Unachora kwenye kitambaa, unakata, unashona, unapiga brashi, mstari umekwenda. Mbona hakuna anayesema wewe ni mtu wa kupita?"

"Ehee," alisema mjomba, akanigeukia kwa furaha. Mama alimtazama, furaha ikamwisha.

"Mimi," alisema mama polepole, "nafuta baada ya kushona. Mstari unakwenda, gauni linabaki. Mtu analivaa, anaolewa nalo. Haya. Huyu amekushonea nini?"

Niseme ukweli, aliniweza. Nilifungua mdomo, nikaufunga, na kwenye ukuta nikaona kivuli changu kikifanya hivyo hivyo.

Mama alijua amenipata, akalainisha sauti, na sauti ya mama ikilainika ndiyo ya kuogopwa.

"Mwanangu. Mimi sikatai kwa sababu ya ubaya. Baba yako alikuwa dereva wa malori. Mtu wa safari, mwenye maneno machache, mpole kama huyu. Kila akija anakaa siku mbili tatu, nyumba inajaa. Mara ya mwisho akaniambia, nikatie koti, nitakuja kulijaribu nikirudi. Wewe ulikuwa unatambaa. Nikakata. Nikangoja." Alikohoa kidogo. "Sitaki uje kungoja. Mimi nimengoja kwa niaba yetu wote wawili."

Mjomba alikuwa anatazama viatu vyake. Nilitaka kusogea, kuiziba ile nafasi ya mtu mmoja, nimshike mama. Na wakati huo huo nilitaka kupiga kelele. Kwa nini deni la baba nidaiwe mimi? Kwa nini kila mwanamume mwenye begi awe baba?

Jua lilikuwa limeshuka. Vivuli vyetu vilikuwa vimepanda ukutani na kusogea upande wangu, na kivuli cha mama kilikuwa kimefika juu ya mistari yangu ya siku zilizopita. Alikuwa ananinyooshea kidole tangu alipokaa, na Taratibu alikuwa amekichora kile kidole kila kilipokuwa. Pale ukutani haikuonekana kama mtu anayegomba. Ilionekana kama fundi anayemrekebisha mtu bega.

"Wewe," mama alimwita. "Una mdomo?"

"Ninao, mama."

"Kesho unakwenda wapi?"

"Mji mwingine. Kuna ukuta unaningoja."

"Na baada ya huo?"

"Mwingine."

"Na zote unafuta."

"Zote, mama. Ukuta nauacha kama nilivyoukuta."

"Kwa nini?"

Taratibu alifikiri. "Kwa sababu waliokaa walishakaa. Hilo halifutiki. Picha ni ya kuwaonyesha kwamba walikuwapo wakati wapo. Wakiondoka, ikibaki, inakuwa ya uongo."

"Maneno matamu," alisema mama. "Baba yake naye alikuwa nayo. Haya, mimi sina maneno, mimi nina mtihani. Leo jioni unafuta ukuta. Futa mzee, futa mtoto wa shule, nifute mimi na huyu mwenye tumbo. Binti yangu mwache. Mwache pale alipo. Kama unampenda kweli, mpende kuliko kanuni yako. Ukishindwa, chukua ndoo yako uende, tusijuane."

Nilimtazama Taratibu. Nilijua atasema nini. Mtu huyu hakuwahi kuacha hata nukta. Alikuwa ameniambia hivyo kwa fahari, kama mtu mwingine anavyokuambia hajawahi kuiba.

Alitazama kivuli changu. Alikitazama muda mrefu.

"Nitaongea na wenye jengo," alisema. "Nitawaomba wasikibomoe kipande hiki. Huyu abaki."

Mjomba alipiga makofi. Mama alipepesa macho. Nadhani alikuwa ametega mtego na panya akaja kuomba chumvi. Na mimi, ambaye ilipaswa niruke kwa furaha, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata.

"Nani amekuambia nataka kubaki?"

"Sindano..."

"Usiniite Sindano, nitakuchoma. Umeniambia nini siku zote hizi? Kwamba unachora watu wakiwapo. Leo mama yangu amekutisha kidogo tu, unataka kunigandisha ukutani kama kalenda ya mwaka jana?" Nilikuwa nimeinuka. Nilikuwa nimesema sitainuka, nimeinuka. "Na wewe, mama. Kabatini kwako kuna koti."

"Usiende huko," alisema mama.

"Naenda. Chini ya bitana za zamani, kwenye mfuko wa karatasi. Nimeliona. Limekatwa, halijashonwa, na mistari ya chaki ipo mpaka leo. Mabega, mfuko, pindo. Hakuna hata mmoja uliofutika. Umeitunza kama mayai. Imemrudisha baba? Mstari uliobaki umekusaidia nini, mama?"

Nilijua nimemchoma mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kugusa, na machozi yalinitoka hapo hapo, lakini sikurudi nyuma. Kama ningerudi nyuma wakati ule, ningerudi nyuma maisha yangu yote.

Nilikwenda kwenye ndoo. Nikachukua kitambaa, nikakikamua, nikasogea ukutani. Taratibu alinyoosha mkono kunizuia, nikamtazama, akaushusha.

Nilianza na bega la kushoto. Chaki ililowa, ikashuka ukutani kama maziwa, ikafika sakafuni. Nikafuta shingo. Nikafuta sikio alilolichora siku ile ya kwanza, na magoti, na mikono iliyokaa mapajani ikimngoja ageuke. Pale kivuli changu kilipopandana na cha mama, mkono wa mama ulifutika pamoja na mimi. Nilifuta mpaka ukuta ukawa mweusi, unang'aa kwa maji. Kisha nikatupa kitambaa kwenye ndoo na kuwageukia.

"Haya. Nimefutika. Mnaniona au hamnioni?"

"Tunakuona," alisema mjomba. "Na kukusikia tunakusikia, mpaka barabarani."

"Basi nisikilizeni, maana leo hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nataka nini. Mnanipimia na kunikatia kama vile mimi sipo. Wewe, Taratibu, uliniomba tuondoke kesho. Kesho siondoki. Kuna bibi harusi anangoja gauni na nimempa ahadi. Ukuta wako hauna miguu, hautakukimbia. Utabaki. Utakuja nyumbani Jumapili, mchana kweupe, utakaa kwenye kiti, utaulizwa maswali yote na utajibu yote. Tukioana nitakwenda na wewe, na nitarudi, na wewe utarudi na mimi."

Nilivuta pumzi.

"Na wewe, mama, duka silihami. Cherehani yangu isiguswe. Nitakwenda, nitarudi, na kila nikirudi nitakaa kwenye kiti changu kile kile kibovu. Unanitishia nichague. Sichagui. Mimi si kitambaa mnikate vipande viwili mgawane. Namtaka yeye, na nakutaka wewe. Mtazoeana."

Nje, mtu aliburuta mlango wa duka. Taratibu alinigeukia.

"Nitabaki," alisema. Hakuzunguka, hakutafuta neno zuri. "Nitawapigia simu leo wenye ukuta ule mwingine. Na mama, umeuliza nimemshonea nini. Ni kweli, sijashona kitu. Sikuwa na ruhusa ya kushona. Nilikuwa nataka kuja kuiomba."

Mama alikuwa bado amekaa benchini, mikono imelala mapajani, anautazama ukuta. Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya paa la jirani. Taratibu alisubiri kidogo, kisha akachukua kitambaa akaanza kazi yake. Alimfuta mzee aliyesinzia. Alimfuta mtoto wa shule, mguu baada ya mguu. Alimfuta mjomba, na mjomba akasema, "Hapo kwenye tumbo kaza." Alipobakiwa na mama, alisimama.

Mama wa ukutani alikuwa peke yake sasa, mkono mmoja umekatika, katikati ya weusi.

"Yule ndiye mimi?" mama aliuliza.

"Ndiye wewe, mama."

"Nimekaa hivyo?"

"Tangu ulipofika."

Alijitazama muda mrefu, kwa jicho lile analotumia mteja akitoka nyuma ya pazia na gauni jipya, jicho linalotafuta kasoro.

"Nimekaa kama mtu anayengoja gari," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii. Na hakuna aliyeniambia."

Nilimwendea. Niliketi kwenye ile nafasi ya mtu mmoja, nikamshika mkono, na ulikuwa wa baridi. Hakunisukuma. Alinibana vidole kwa nguvu, vidole vile vigumu vya fundi, mpaka vikaniuma.

"Futa," alimwambia Taratibu.

Taratibu alifuta. Taratibu, kama jina lake. Ukuta ukabaki mweusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama vile hapakuwahi kuwa na mtu. Akaweka kitambaa, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaja akasimama mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama kuanzia viatu. Alipanda magotini, kiunoni, kifuani. Alipofika mabegani alikunja uso.

"Marahaba," alisema.

Mjomba alishusha pumzi ndefu kama tairi.

"Geuka," mama alisema, naye akiinuka, anavuta tepu shingoni. "Simama wima. Nani alikushonea shati hili?"

"Nililinunua, mama. Dukani."

"Inaonekana. Mabega ni ya mtu mwingine. Wewe," akaniita bila kunitazama, "usisimame kama mgeni. Shika ncha."

Nilishika ncha ya tepu begani kwa Taratibu. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa mbele ya macho ya watu, na niliuona mshipa wa shingo yake unavyoruka. Hakuthubutu kugeuza kichwa. Mimi nilithubutu. Nilimtazama ukingo wa sikio, shingo, bega, polepole, kama alivyokuwa ananitazama yeye.

"Acha kumtazama, shika ncha," alisema mama. Alisoma tepu, akanung'unika. "Kitambaa kipo. Tena kimeshakatwa. Kwake kitakuwa kikubwa kidogo hapa mabegani. Nitapunguza."

Mjomba alishtuka. "Dada. Si kile cha..."

"Kitambaa hakina kosa," alisema mama.

Mjomba akarudi kutazama viatu vyake. Mimi niliikaza ncha ya tepu.

Mama alinyoosha kiganja mbele ya Taratibu. "Lete hiyo chaki. Ni yangu." Akakichukua kile kipande kilichobaki, akamsukuma mgongoni asimame sawa, akachora mstari juu ya shati lake, kutoka shingoni kushuka kati ya mabega, na mwingine mfupi ukiukata kwa juu. Hakusitasita hata mara moja.

"Huu ndio usawa wako. Jumapili ukija, nataka niukute hapo hapo, nijue pa kuanzia. Mimi nafuta baada ya kushona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Sijakukubali. Nimekupima tu."

"Ndiyo, mama."

"Na usije na maua. Njoo na chaki. Mmenimalizia kopo zima."

Tulitoka wote wanne. Mama alikuwa amenishika mkono, na mjomba alikuwa anasimulia, kana kwamba hatukuwepo, jinsi alivyotuliza ugomvi. Taratibu alitangulia na ndoo yake. Pale mlangoni mlinzi alimsimamisha.

"Bwana, umechafuka mgongoni. Ngoja nikupanguse."

Aliruka pembeni mpaka maji yakamwagika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona akiharakisha.

"Usiguse!" alisema.